Miguu isikike, vidole vionekane: nilivyofunga jukwaa la Bharatanatyam uwanjani

Kazi yangu ni kufunga majukwaa, taa na mitambo ya sauti hapa Dar es Salaam. Wateja wangu ni harusi, kicheni pati, taarabu, na singeli pale ninapokuwa na ujasiri. Shule moja ndogo ya Upanga inayofundisha Bharatanatyam, ngoma ya kale ya kusini mwa India, iliponiita, mwalimu wake alikuja na shida ambayo sikuwahi kuletewa. Wanafunzi wake wamezoea kucheza ukumbini mbele ya wazazi wao. Safari hii alitaka wacheze kwenye uwanja wa wazi wa mtaa, majirani wote waje, bure. Tangu siku ile mafundi wenzangu kadhaa wamenipigia kuuliza nilifanyaje, maana nao wanaitwa na shule za namna hiyo. Naandika ili nisirudie kueleza kwenye simu.

Kabla ya kutaja bei nilikwenda darasani, nikakaa, nikatazama. Mchezaji hukunja magoti na kuyafungua pembeni, mgongo umenyooka, wala hainuki; mkao huo wanauita araimandi. Akiwa hapo hapo anapiga unyayo chini kwa nguvu zake zote. Miguuni amefunga njuga, safu kwa safu kwenye mkanda wa ngozi. Mikono nayo inasimulia, na macho yanaifuata mikono kila inakokwenda. Mwalimu ameketi chini, anagonga kijiti kwenye kipande cha gogo na kuita, "tai ya tai hi," na miguu ya watoto inamjibu. Nikaona kuwa mchezaji mwenyewe ni mmoja wa wapiga muziki. Ukimpoteza miguu, umepoteza chombo kizima.

"Mwalimu, kule ukumbini mnaweka maiki za miguu?" nikamwuliza.

Akacheka. "Fundi, kule sakafu ni ya mbao. Inatosha."

Uwanja tuliopewa ni wa mpira wa kikapu, zege tupu. Unyayo ukipiga zege hausikiki hatua chache tu kutoka hapo, na kishindo chote kinarudi kwenye muundi na goti la mtoto. Jukwaa langu la kawaida, fremu za chuma zenye mbao juu, nalo halikufaa lilivyo, kwa sababu chini ni tupu na kila pigo lingetoa mvumo unaofunika njuga. Kwa hiyo fedha nyingi na muda mwingi vilikwenda kwenye sakafu. Juu ya fremu nilipanga vipande vya raba ya matairi, ile inayokatiwa katambuga. Juu ya raba nikalaza mbao za mbili kwa nne, na juu yake plaiwudi ya milimita 18. Skrubu zote zilizamishwa, kisha seremala wangu akapiga msasa kwenye maungio mpaka ukiburuta soksi ya nailoni haikwami popote. Chini ya jukwaa tukasukumiza magodoro chakavu ya kuua mvumo.

Usiweke kapeti. Narudia kwa sababu kila kamati ya sherehe katika mji huu inadai kapeti jekundu. Kapeti linameza sauti ya unyayo, na kidole gumba kinajikwaa. Utepe wa gundi kwenye maungio pia niliukataa. Jasho likiingia unabanduka, na hawa wanacheza peku. Saa moja kabla ya watoto kupanda nilipitisha sumaku ya spika mbovu juu ya sakafu yote. Iliokota skrubu na pini za mapambo, kila moja ikiwa imelala ikisubiri mguu wa mtu.

Kuna desturi moja ambayo seremala wangu aliipenda mno. Kila mchezaji, akianza na akimaliza, huinama akagusa sakafu, kisha akapeleka vidole machoni: anaiomba ardhi radhi kwa kuikanyaga. Kwenye singeli hakuna aliyewahi kuomba radhi kwa mbao zake.

Sauti sasa. Muziki ulikuwa wa kurekodi: mwimbaji, fidla, filimbi, na mridangamu, ile ngoma ya ngozi pande mbili. Aliyekuwa hai ni mwalimu peke yake, ameketi kando na matoazi yake madogo ya mkononi, akiita mapigo. Alinieleza kuwa zamani wapiga muziki walisimama nyuma ya mchezaji na kumfuata anakokwenda, na kwamba kuwaketisha pembeni ni jambo la enzi za Rukmini Devi Arundale, mama aliyepanda jukwaani 1935 na mwaka uliofuata akaanzisha chuo cha Kalakshetra huko Madras, mji unaoitwa sasa Chennai. Kabla ya hapo ngoma hii ilikuwa mikononi mwa devadasi, wanawake wa mahekalu na mabaraza ya wafalme katika nchi ya Watamili. Walidharauliwa sana wakati wa ukoloni, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu hekaluni. Mwalimu hakupenda kuisimulia habari hiyo kwa haraka. Alisema watu hushangilia ngoma na kuwasahau walioilea.

Kwa miguu nilitumia maiki mbili ndogo za kondensa, nikazilaza kwenye ukingo wa mbele juu ya vipande vya sifongo, zikitazama ndani. Kila sauti nzito iliyo chini ya hezi 80 niliikata, maana huko kulikuwa na malori ya barabarani tu. Sauti za juu, ambako njuga ziko, nikaziongeza kidogo. Spika za kuwasikilizisha wachezaji usiziweke mbele kama kwa waimbaji wa taarabu. Maiki zitapiga mluzi, na spika zenyewe zitaziba miguu. Zangu zilikaa pembeni, usawa wa bega. Muziki wa kurekodi niliushusha kuliko nilivyozoea, msaidizi wangu akadhani kuna waya umekatika. Kipimo kilikuwa kwamba mtu aliyesimama nyuma kabisa asikie unyayo na mridangamu kama vitu viwili tofauti, vinavyojibizana.

Kwenye taa nilijifunza jambo ambalo sasa nalitumia hata harusini. Wachezaji hupakwa rangi nyekundu, alta, kwenye ncha za vidole, kwenye duara katikati ya kiganja na kuzunguka nyayo, ili mikono ionekane kwa mbali. Ukimulika taa nyekundu juu ya rangi nyekundu, vidole vinapauka, kazi yote inapotea. Kwa hiyo taa nyekundu zilizimwa, na zile za kuzunguka zilibaki ndani ya gari. Nilitumia nyeupe yenye joto kidogo, kutoka mbele na si juu sana, kwa sababu taa ya juu inaangusha kivuli kwenye macho, na macho yaliyotiwa wanja ndiyo yanayosimulia. Pembeni nikaweka taa za usawa wa kifua ili vidole vipate umbo. Basi. Hakuna moshi wa mashine, hakuna miale.

Ugomvi ulikuwa wa mapambo. Kamati ya akina mama ilitaka vyungu vya maua na kitambaa cha kukunja mbele ya jukwaa, kama tunavyofanya kwa maharusi. Nikawaomba waketi kwenye mkeka pale mbele, nikampandisha binti mmoja, nikaweka chungu kimoja ukingoni. Walikiondoa wenyewe. Maua yalikwenda ukuta wa nyuma na kwenye nywele za mabinti, asumini kwa mafungu. Jukwaa lilikuwa na kimo cha sentimita 60 kutoka chini: mbele mikeka, kisha mabenchi, kisha viti, waliosimama nyuma. Ukilipandisha zaidi, walioketi chini hawaoni nyayo; ukilishusha, wa nyuma wanaona vichwa.

Pembeni mwa jukwaa husimamishwa sanamu ya Nataraja, mungu Shiva akicheza ndani ya duara la moto, na taa ya shaba ya mafuta ya nazi. Upepo wa bahari ukaizima mara tu ilipowashwa kwenye jaribio. Tukaikinga kwa vioo, tukaisogeza mbali na njia ya hariri za wachezaji, na trei ikakaa chini yake, maana tone moja la mafuta kwenye plaiwudi linamwangusha mtu. Ndoo ya mchanga niliiweka nyuma ya pazia bila kumwambia yeyote.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tulipopeleka barua, aliuliza kistaarabu kama hii ni ibada. Mwalimu hakuzunguka. Alimwambia, "Mzee, nyimbo nyingi zinasifu miungu yetu ya Kihindu, na mwanzoni tunatoa heshima kwa maua. Hatumwombi mtu ashiriki, tunamkaribisha atazame." Mzee akapiga muhuri. Tulipanga kuanza baada ya swala ya magharibi na kusimama kabla ya adhana ya isha, na kwa bahati mapumziko hayo ndiyo muda ambao wachezaji wakubwa walihitaji kubadili mavazi na kukaza njuga.

Mpangilio wa ngoma zenyewe una kanuni, wanauita margamu. Walioupanga ni ndugu wanne wa baraza la mfalme wa Thanjavur, kusini mwa India, mwanzoni mwa karne ya 19: unaanza na alarippu, ambayo ni mwili na mapigo tu, unapanda mpaka varnamu, ngoma kuu na ndefu kuliko zote, kisha unashuka kwenye nyimbo za kusimulia na kufunga na tilana ya kasi. Varnamu yaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Nilimshauri mwalimu aiondoe. Uwanjani watu wana miguu, wakichoka wanaondoka. Akasema kuiondoa ni kupika biriani bila nyama. Tukakubaliana achezeshe nusu yake ya kwanza, na bado nilikuwa na wasiwasi.

Wasiwasi wangu uliondolewa na mshereheshaji. Alikuwa mama wa mwanafunzi, mwalimu wa shule ya msingi, anayejua kushika darasa la watoto wengi. Na hapa niseme jambo ambalo wengi hawalijui: wazazi wengi wa shule ile asili yao ni Gujarati na Kachi, magharibi mwa India, ilhali nyimbo za Bharatanatyam ni za Kitamili, Kitelugu na Kisanskriti. Mama mmoja aliyekuja kukagua viti aliniambia, "Fundi, hata mimi sielewi neno. Binti yangu ndiye hunifasiria." Ngoma zao wanazoingia wote bila somo ni garba na dandia za sikukuu ya Navaratri. Kwa hiyo pale uwanjani Mhindi wa ghorofani na muuza mihogo walikuwa na haja moja, ya kufasiriwa.

Kabla ya kila ngoma muziki ulizimwa. Binti mmoja akatoka peke yake, mwanga wa mbele tu, na mshereheshaji akawaambia watu wainue mikono. Kiganja juu ya mgongo wa kiganja kingine, vidole gumba vikipunga pembeni: matsya, samaki. Kisha kasa. Kisha kichwa cha swala, na simba, na ua lililofunguka. Watoto wa mikeka ya mbele walijua samaki kabla hajatajwa. Baadaye mwalimu akagonga matoazi bila muziki, akaita mapigo, binti akajibu kwa miguu, halafu uwanja mzima ukaambiwa ujibu kwa makofi. Hapo ndipo maiki zangu zilipolipa gharama. Mzee mmoja aliyesimama karibu na meza yangu ya mitambo alimgeukia mwenzake: "Njuga hizo nazijua, lakini huyo mtoto anazihesabu."

Nusu ya varnamu ikapita na watu hawakuondoka. Sisemi wote waliifuata. Kuna vijana walikuwa kwenye simu zao, na muuza karanga alifanya biashara nzuri. Lakini kila mikono ilipofanya samaki, mikeka ilipiga kelele "samaki!", na binti aliyekuwa akicheza, aliyefundishwa tangu utoto kutotoka kwenye hisia ya ngoma, nilimwona akikaza mdomo asicheke.

Kilichowashika zaidi ni wimbo wa mungu Krishna akiwa mtoto, anayeiba siagi. Mshereheshaji alikuwa ameshawaonya: mtu mmoja atakuwa watu wawili, akigeuza bega amekuwa mwingine. Mama anatafuta chungu, mtoto anakana huku anafuta mdomo. Wanawake wa mabenchini walianza kumjibu yule mama wa jukwaani kwa Kiswahili, wakimwonyesha mwizi aliko. Sijui kule Thanjavur wanaruhusu hivyo. Mwalimu, nilipomtazama, aliongeza sauti ya matoazi.

Mwisho walipofunga na mangalamu, wimbo wa kuagia, watoto wa mtaa wakapanda kukanyaga plaiwudi wasikie sauti zao wenyewe kwenye spika, nikawaachia maiki wazi kidogo kabla ya kuanza kukunja waya.

Plaiwudi hazikurudi ghalani kwangu. Mwalimu alizinunua pamoja na raba zake, sasa ziko darasani juu ya marumaru. Kwa mwenzangu atakayeitwa: tenga siku ya sakafu kwenye bei yako na uiandike peke yake. Wateja watalipia taa bila neno, ila kwenye sakafu watakuambia ni mbao tu, na hapo ndipo uwaombe waende darasani wavue viatu.