Kutoka Burgos hadi León kwa baiskeli: nilivyopatana na upepo

Waulize waliokwenda Santiago de Compostela, mji wa hija huko Hispania, kwa Njia ya Wafaransa ni wapi walichoka wakapanda treni, na wengi watakutajia kipande hiki: Burgos hadi León. Ni kama kilomita 180 za uwanda wa juu, takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari, mashamba ya ngano na shayiri kushoto na kulia, na miti ya kuhesabu. Wahispania huuita Meseta. Wanaouruka husema unachosha na hauna cha kutazama. Mimi ndio uliofanya nifunge safari. Nimekulia Singida; alizeti, anga pana na upepo usio na adabu havinitishi.

Njia yote, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa hadi kwenye kaburi linaloaminiwa kuwa la Mtakatifu Yakobo, ni karibu kilomita 780. Likizo yangu haikutosha, nikaanzia Burgos. Aliye kwa miguu anahitaji kilomita 100 za mwisho ili apewe cheti cha hija; mwenye baiskeli anahitaji 200, ndiyo maana wengi wa magurudumu mawili huanzia Ponferrada. Burgos ilinipa zaidi ya nilichodaiwa. Unabeba kijitabu cha hujaji, na kila unapolala au unaposimama, kanisani, kwenye mgahawa, hata kwenye duka la mkate, unagongewa muhuri.

Nilipompigia mama simu kutoka Ujerumani kumuaga, tulizungumza hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nasikia unakwenda kuhiji kwa baiskeli. Kwani huko Ujerumani nauli imepanda?”

Kisha akanipa nia zake za kuombea, na zilikuwa nyingi kuliko nguo nilizobeba.

Baiskeli yenyewe ni ya chuma, ya mtumba, ina keria na mifuko miwili ya pembeni. Niliiwekea tairi pana kiasi, zenye meno, maana njia ni changarawe na vumbi zaidi kuliko lami. Tyubu za akiba, pampu, kiungo cha cheni, taa za mbele na nyuma, kofia ngumu (sheria ya Hispania inaidai ukiwa nje ya mji), na kengele. Mzigo niliubana usizidi kilo kumi, nje ya maji. Kengele ilinifaa kuliko vyote, nitaeleza kwa nini.

Sasa upepo. Njia inaelekea magharibi, na upepo mara nyingi unatoka huko huko. Mchana ukikolea unaona mnara wa kanisa mbele yako, una viota vya korongo juu, unakanyaga pedeli, unakanyaga, na mnara haukusogelei. Hakuna kilima cha kujifichia wala ukuta. Siku ya kwanza nilishindana nao. Baadaye nikaona kwamba asubuhi huwa umelala, na unaamka kadiri ardhi inavyopata joto. Basi nikapanga siku yangu kwa kuufuata: kuondoka gizani, kufika kabla ya saa nane mchana, kisha kivuli.

Kuondoka gizani si ushujaa huko. Mwezi wa Septemba jua la Burgos linachomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa kuwa Hispania iko magharibi kabisa ya Ulaya lakini inafuata saa za Berlin. Sisi tuliozoea jua linalotoka kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, akili inagoma. Unakunywa kahawa nje bado usiku, na kuku hajawika. Saa nane mchana nayo maduka ya vijijini yanafungwa hadi kama saa kumi na moja, kwa hiyo mkate na jibini nilinunua mapema au nilishinda na njaa.

Upepo ukinikuta bado njiani, niliteremsha gia, nikainamisha mabega, na kile kifaa cha kupima mwendo nikakifunika kwa plasta. Kukiangalia kunavunja moyo bure. Nilihesabu vijiji, sikuhesabu kilomita. Kuna mchana mmoja wazee wawili Waholanzi, mume na mke, walinipita taratibu kwa baiskeli zao, na yule mama akaniashiria nikae nyuma yao. Nilikaa nyuma yao hadi kijijini. Walikuwa na umri wa kuwa babu na bibi yangu, na wao ndio walionikinga upepo.

Tambarare hii ina siri zake. Hontanas, kwa mfano, huioni. Unakwenda kwenye uwanda mtupu ukidhani umepotea, mara ardhi inabonyea na paa za kijiji ziko chini ya miguu yako. Kilomita chache mbele ni magofu ya San Antón, ambapo barabara inapita chini ya tao la konventi ya zamani, yaani unaendesha baiskeli ndani ya jengo la karne ya 14. Watawa wa Mtakatifu Antoni walikuwa wakiwatibu watu wenye “moto wa Mtakatifu Antoni”, ugonjwa uliochoma viungo hadi vikaoza. Chanzo chake, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, kilikuwa kuvu inayoota kwenye nafaka ya rai. Ukutani bado kuna vishubaka walimoacha mkate kwa mahujaji waliochelewa na kukuta mlango umefungwa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama katika kanisa kuu la Burgos, na lile lilianzwa kujengwa mwaka 1221 na lina kila aina ya fahari.

Baada ya Castrojeriz kuna Mostelares, kilima kinachomsuta kila aliyekwambia Meseta ni tambarare. Mwinuko wake ni wa asilimia 12. Nilishuka nikakokota, na sikuona aibu, maana waenda kwa miguu nao walikuwa wanahema. Upande wa pili mteremko ni asilimia 18. Hapo nilishuka tena. Breki zangu nazipenda, meno yangu nayapenda zaidi.

Jioni hiyo nililala San Nicolás, kanisa dogo la zamani karibu na daraja la mto Pisuerga, ambalo chama cha Waitaliano kimeligeuza kuwa nyumba ya mahujaji. Nyumba nyingi za aina hii huwapa kipaumbele wanaotembea, na mwenye baiskeli husubiri hadi jioni ijulikane kama kitanda kimebaki. Ni haki kabisa: mimi nikikosa, kijiji kinachofuata kwangu ni nusu saa, kwake ni saa mbili. Nilikaa nje, nikasafisha cheni, na kitanda kikabaki. Kabla ya chakula wenyeji wale huwaosha wageni mguu, kwa maji na jagi, kama desturi ya zamani. Nami wa baiskeli nilioshwa vile vile. Chakula kililiwa kwa mishumaa.

Usiku ule ikanyesha. Udongo wa pale ni wa mfinyanzi, na ukilowa unageuka ugali. Baada ya Itero de la Vega magurudumu yalijaa, madigadi ikaziba, na baiskeli ikakataa kwenda hata kwa kukokotwa. Nilifungua madigadi nikaifunga juu ya mzigo, nikatafuta kijiti cha kukwangulia, nikasogea pembeni kwenye mabua ya ngano iliyovunwa, na kutembea hivyo hadi njia ilipokauka. Tangu hapo, kila mvua iliponyesha nilihamia lami. Njia ina barabara za magari zinazokwenda sambamba nayo sehemu nyingi, na hazina msongamano.

Kabla ya Frómista unapita ukingoni mwa Mfereji wa Castilla, uliochimbwa kati ya karne ya 18 na ya 19 ili ngano ya uwanda huu ifike karibu na bandari za kaskazini. Majahazi yalivutwa na nyumbu waliotembea ukingoni, na ukingo huo ndio njia ya hujaji leo: laini, una kivuli, una maji pembeni. Ni kipande nilichofurahia kuliko vyote, na kilikwisha haraka.

Kinachofuata baada ya Carrión de los Condes ni kinyume chake. Kilomita 17 zilizonyooka juu ya mkondo wa barabara ya Kirumi, bila kijiji hata kimoja hadi Calzadilla de la Cueza. Jaza maji Carrión. Hapa ndipo kengele inapopata kazi, kwa sababu waenda kwa miguu wamezama katika mawazo, wengine wameziba masikio kwa muziki, na baiskeli ikiwatokea nyuma ghafla inawashtua. Nilipiga kengele mbali, nikapunguza mwendo, nikasema “Buen Camino”, yaani njia njema, ndipo nikapita. Mwaka 2024 waliopokea cheti Santiago walikaribia nusu milioni, na zaidi ya asilimia 90 walikuja kwa miguu. Njia ni yao, sisi tunapitishwa. Nimewaona wenye baiskeli wanaopiga kelele watu wawapishe, na ningekuwa natembea ningewachukia pia.

Sahagún niliipita kwa kahawa na muhuri. Kutoka huko hadi karibu na León wamepanda miti pembeni mwa njia, safu moja, na kivuli chake kinaangukia unapotembea ukiondoka mapema. León nilifika mchana, upepo ukiwa ndiyo kwanza unajipanga, nikaenda moja kwa moja kanisa kuu kuona vioo vya rangi, takriban mita za mraba 1,800.

Milima iliyobaki, Cruz de Ferro na O Cebreiro, ni jasho la kawaida. Chunga tu breki unaposhukia El Acebo, pana ukumbusho wa mwendesha baiskeli aliyefia njia hii. Katika kilomita 200 za mwisho gonga mihuri isiyopungua miwili kwa siku, maana ofisi ya mahujaji inaikagua.

Kurudisha baiskeli ni rahisi. Posta ya Hispania husafirisha baiskeli za mahujaji kutoka Santiago. Nilifungua pedeli, nikageuza hendeli, nikatoa upepo kwenye tairi. Kijana wa kaunta alipoona udongo uliokauka chini ya fremu akauliza, “Tierra de Campos?”, yaani ule uwanda wa ngano na mfinyanzi. Nikamwambia ndiyo. Akaenda kuchukua gazeti la kutandika sakafuni kabla hajaigusa.