Mstari wa mkaa kwenye fremu ya mlango

Nimerejea sasa hivi kutoka Kigogo, Dar es Salaam, viatu vyangu vikiwa bado na tope la ukingo wa Mto Msimbazi.

Mto huu huteremka kutoka vilima vya Pugu na kulikatiza jiji hadi baharini karibu na Daraja la Selander, hivyo taka zinazotupwa huko juu huishia kwetu sisi wa bondeni.

Leo wakazi wapatao thelathini tulikutana chini ya mwembe kupanga zamu za kuzibua mtaro, na kuandika barua ya pamoja kuhusu malori yanayomwaga taka ukingoni usiku. Kijana mmoja alitusomea kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. (Mjadala wa nani atatunza makoleo ulichukua muda mrefu kuliko barua yenyewe.)

Kisha bibi mmoja akatuomba tumfuate nyumbani kwake.

Kwenye fremu ya mlango amechora kwa mkaa mahali maji ya mafuriko yalipofika Desemba 2011. Aliuegemea mlango ule bila kusema neno, na mstari ukakaa juu kidogo ya kilemba chake.

“Wanangu, na hili liandikeni.”

Tumeliandika. Barua inapelekwa ofisi ya mtaa kesho saa tatu asubuhi.

Ndugu zangu wa Jangwani na Vingunguti, kwenu maji yalifika wapi?