Gramu 192

Mangi alikataa katakata kuweka kiatu kwenye mizani yake. "Ticha, hapa napimia watu sukari," akasema, na alikuwa na haki. Nikamwomba rambo, nikatia kiatu kimoja ndani, nikafunga fundo. Akakipokea kwa ncha za vidole, akakilaza taratibu. Namba zikacheza kidogo, zikatulia: gramu 192. Nikavua raba yangu ya mguu wa kulia, ile niliyokuwa nakimbilia kila siku kwa mwaka mzima, nikaitia kwenye rambo lile lile. Gramu 344. Nikabaki nimesimama dukani mguu mmoja peku, nikiziandika namba zile kiganjani kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia.

Ilikuwa Januari 2014, mjini Moshi, wiki nane hivi kabla ya Kilimanjaro Marathon. Viatu vile nilikuwa nimevitoa soko la Memorial asubuhi ile, kwenye turubai la kijana mmoja anayeuza viatu vya mtumba. Vilikuwa vimefukiwa chini ya raba za mpira wa kikapu. Nilipokivuta kimoja nilidhani ni cha mtoto, kwa jinsi kilivyokuja mkononi bila uzito. Juu kilikuwa wavu mwembamba, ukiweka kidole ndani unakiona kwa nje. Soli ilikuwa sponji nyembamba yenye vipande vya mpira mbele na kisiginoni tu, na katikati hakuna kitu. Ukikishika huku na huku unakikunja kama chapati. Kijana akataja 35,000. Nikasema 25,000. Akaniangalia nilivyokishika, akajua sitaondoka bila hicho, tukamalizana kwa 28,000.

Sikuwa nimewahi kuvaa kiatu cha mashindano. Nilikuwa nimeviona kwa macho tu, kwenye runinga, miguuni mwa watu kama Wilson Kipsang, aliyekimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:03:23 Septemba iliyotangulia. Kabla yake kulikuwa na Haile Gebrselassie na 2:03:59 zake, Berlin hiyo hiyo, mwaka 2008. Nilikuwa nikiwatazama magoti kushuka chini, nikijiuliza wanakanyagia nini. Soli zao hazikufanana na zangu. Zangu zilikuwa kama matofali.

Nusu marathoni ya mwaka uliotangulia nilikuwa nimeimaliza kwa saa 1:37:40. Mwaka huu nilitaka kushuka chini ya saa 1:30, na nilitaka hivyo kwa moyo wote. Niliamka na jambo hilo na kulala nalo. Mimi nafundisha hisabati, kwa hiyo siku ya pili niliigeuza mizani ya Mangi kuwa swali la kidato cha pili. Mtu anakimbia kilomita 21.1 kwa hatua kama 18,000, yaani 9,000 kwa kila mguu. Kila hatua ananyanyua kiatu. Akipunguza gramu 152 kwa kiatu kimoja, mguu mmoja umepunguziwa kilo ngapi kufikia mwisho wa mbio? Msichana mmoja wa dawati la mbele alimaliza wa kwanza: kilo 1,368. Darasa likanyamaza. Pikapu haibebi mzigo huo bila kulalamika, nami nilikuwa nikiunyanyua kwa kila mguu, mwaka mzima, bila kujua.

Jumamosi nikavipeleka TPC, shamba la sukari, kwenye barabara za katikati ya miwa, ambako ardhi ni tambarare na unaweza kwenda kilomita tano bila kukata kona. Namna vilivyonipokea naikumbuka vizuri kuliko siku nyingi za maisha yangu. Kiatu kizito kina sekunde ndogo ya uvivu kabla ya mguu kuinuka. Hukuwa unaijua mpaka iondoke. Hapa mguu ulirudi wenyewe. Hatua zikawa fupi na nyingi, na sauti yake ikabadilika: badala ya kishindo, ukawa mchakacho mwepesi juu ya vumbi. Kilomita ambayo kwa kawaida ilinichukua dakika 4 na sekunde 20 nikaimaliza kwa 4:05, pumzi ikiwa ile ile. Nikarudia. 4:04. Nilisimama kwenye mtaro wa maji ya kumwagilia nikacheka peke yangu.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akiwasimamia vijana kwenye barabara za Shanty Town alfajiri. Enzi zake alikuwa mkimbiaji wa timu ya jeshi, miaka ile ambayo Mtanzania Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York kwa 2:08:01, na mwaka huo 1989 alikuwa akiutaja kana kwamba ni juzi. Nilimsalimia, "Shikamoo mzee," nikamwonyesha viatu. Alijibu marahaba akiwa tayari amekikamata kimoja. Akakikunja, akakinusa, akabonyeza soli kwa kidole gumba.

"Hivi ni vya siku ya kazi, mwalimu," akasema. "Mara moja kwa wiki. Umbali mfupi, mwendo mkali, kisha unavivua. Siku nyingine zote rudi kwenye yale mazito yako."

"Mbona ndani yake naenda vizuri zaidi, mzee?"

"Wewe unaenda vizuri. Vigimbi vyako umeviuliza?"

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Jumatatu nilivivaa, Jumanne nikavivaa, Jumatano nikapanda navyo kilima, Alhamisi na Ijumaa vivyo hivyo. Nani angerudi kwenye matofali baada ya kujua kilo 1,368? Jumamosi alfajiri nilishuka kitandani, mguu wa kushoto ulipogusa sakafu nikashika ukuta. Kigimbi kilikuwa kimekaza kama kamba ya kuanikia nguo, na chini yake, pale kano inaposhuka kwenye kisigino, palikuwa na maumivu makali ya kuchoma. Nilienda bafuni kwa vidole.

Siku hiyo nikiwa nimekaa na mguu kwenye beseni la maji baridi nilichukua rula ya jometri nikapima soli zote nne. Raba nzito ilikuwa na kisigino kirefu kuliko sehemu ya mbele kwa milimita 12 hivi. Kile chepesi, milimita 4. Hapo ndipo nilipokuwa nimeumia. Kwa mwaka mzima kisigino changu kilikuwa kinatua juu, kano ikiwa imelegea, na sasa kwa siku tano mfululizo nilikuwa nimekishusha milimita 8, maelfu ya hatua kila asubuhi, kano ikivutwa kila hatua kidogo zaidi ya ilivyozoea. Sponji nayo ilikuwa nyembamba mno kumeza kishindo, kwa hiyo kigimbi ndicho kilichokuwa kinameza. Nilikuwa nimehesabu kitu kilichoondolewa mguuni, sikuhesabu kazi iliyohamishiwa kwenye nyama.

Wanaoanza kukimbia siku hizi wanaweza wasielewe habari hii, kwa sababu wepesi umetengana na wembamba. Viatu vya sasa vya mashindano vina sponji nene na bamba la kaboni ndani, mpaka Shirikisho la Riadha la Dunia likalazimika mwaka 2020 kuweka kikomo cha soli cha milimita 40 kwa mbio za barabarani. Tigist Assefa wa Ethiopia alikimbia Berlin mwaka 2023 kwa 2:11:53 akiwa na viatu vya gramu 138 kila kimoja, vyepesi kuliko vyangu, na soli yake nene mara mbili. Sisi wa wakati ule tulikuwa na chaguo moja: ukitaka kupunguza uzito, unapunguza kinachokutenga na lami.

Nilikaa siku kumi na mbili bila kukimbia hatua moja. Siku kumi na mbili za Januari, watu wengine wakiwa barabarani! Mke wangu alikuwa akinikanda kigimbi kwa mafuta ya nazi kila usiku, bila kusema neno kuhusu viatu vilivyokaa kwenye rambo nyuma ya mlango. Nilipoanza tena nilianza na yale mazito, taratibu, na kila jioni nikasimama kwenye ngazi ya mlango wa jikoni nikishusha visigino chini ya ukingo na kuvipandisha, mara kumi na tano, mara tatu. Vile vyepesi nikavitoa Alhamisi tu. Kilomita mbili kwanza, kisha tatu, kisha nne, TPC. Na jambo ambalo sikulitarajia likatokea: Alhamisi ikawa inazidi kuwa nzuri kwa sababu ya siku sita za uzito. Mguu uliobeba gramu 344 wiki nzima ulipopewa 192 ulishukuru.

Siku ya mbio mlima ulikuwa wazi alfajiri, Kibo yote nyeupe juu ya miti. Nilifika viwanja vya Ushirika na raba nzito miguuni, zile nyepesi begani zimefungwa kwa kamba zake. Nilizibadilisha dakika kumi kabla ya kuanza. Sikuwa nimewahi kukimbia ndani yake zaidi ya kilomita sita kwa mkupuo mmoja, na sasa nilikuwa nazitaka ishirini na moja. Nilijua hilo nilipokuwa nafunga kamba.

Anayeijua njia ile anajua kwamba mbio zote ni Mweka. Barabara inapanda, inapanda, migomba na kahawa pembeni, watoto kwenye kingo wakinyoosha mikono uwapige viganja, na kila ukidhani umefika kilele unaona vichwa vya watu bado viko juu yako. Kupanda kule ndiko kulikokuwa kwa viatu vyangu. Kwenye mlima hutui kwa kisigino, unakanyagia mbele na kusukuma, na sponji haina kazi kubwa. Uzito ndio wenye kazi. Niliwapita watu ambao mwaka uliotangulia niliwaona migongo tu. Nilipita kundi la wanaume sita waliovaa raba nene, mmoja akageuka akaangalia miguu yangu. Kwenye kigeuzio nilikuwa mbele ya hesabu yangu kwa sekunde 50.

Kisha barabara ikageuka kushuka. Kilomita ya kwanza nilifurahi. Ya pili nikaanza kuhisi kila punje ya kokoto iliyolala juu ya lami. Mtu akishuka kwa kasi, kila hatua ni kujizuia, na kujizuia kunahitaji kitu cha kukalia. Mimi nilikuwa na milimita chache za sponji ya mtumba. Vidole vikasukumwa mbele kwenye ncha ya kiatu. Kwenye meza ya maji nilijimwagia kichwani, yakatiririka mpaka miguuni, wavu ukaingiza yote, na nyayo zikaanza kuteleza ndani. Mapaja yakaanza kutetemeka kilomita ya 16. Nikasikia kishindo nyuma yangu, pu, pu, pu, kizito na cha mpangilio: ni yule aliyeniangalia miguu kule juu. Akanipita kama amekaa kwenye kiti. Wakafuata wenzake wawili. Zile sekunde 50 zilikuwa zimeisha kabla sijaona mapaa ya mjini.

Lakini kigimbi kilishika. Hilo ndilo nililokuwa nikilisikiliza njia nzima, yale maumivu ya mguu wa kushoto ya Januari, na hayakuja. Tulipofika mjini kwenye tambarare nikapata tena ule mchakacho wa TPC. Nikamrudia mmoja wa watatu wale. Niliingia uwanjani nikivuta kila kilichobaki, saa ya mkononi ikaonyesha 1:31:12.

Nilikaa kwenye nyasi nikavua viatu. Kucha mbili zilikuwa zimeshageuka nyeusi na chini ya unyayo wa kulia kulikuwa na lengelenge la ukubwa wa shilingi mia. Nililia kidogo, sina sababu ya kuficha. Dakika moja na sekunde kumi na mbili! Jioni nikafanya hesabu. Wataalamu wanasema kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu humgharimu mkimbiaji kama asilimia 1 ya nguvu zaidi. Gramu 152, basi, ni asilimia moja na nusu. Kwa mtu wa saa 1:37:40 hiyo ni kama dakika moja na nusu, tena kabla hujaondoa kile soli nyembamba ilichonidai wakati wa kushuka. Nami nilikuwa nimepunguza karibu dakika sita na nusu. Nikaitazama ile tofauti ya dakika tano kwenye daftari. Ilikuwa ya Jumatatu, Jumanne, Jumatano, za matofali, na ya ngazi ya jikoni.

Jumatano iliyofuata nilimpelekea mzee viatu, vikiwa vimekauka. Alibonyeza soli ya mbele kwa gumba kama siku ile, akasubiri aone kama itarudi. Haikurudi yote.

"Hii imebakiwa na mbio mbili," akasema. "Labda tatu. Ukivitumia vibaya, haina hata moja."

Nikavirudisha kwenye rambo la Mangi, nikafunga fundo, nikavipandisha juu ya kabati. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, vidole vikiwa bado vimefungwa plasta, nikavaa yale mazito nikaelekea barabara ya Shanty Town, taratibu sana, kilomita nne.