Siku moja maishani mwangu: nusu ya kazi ni kuuliza "hii ni ya nani?"

Watu wakisikia natengeneza mabango na majalada kwenye kompyuta, wanadhani nashinda nikichezea rangi. Wengine huiita kazi ya kukata na kubandika. Haya, kaeni nami siku moja.

Saa mbili asubuhi. Nawasha mashine, najibu jumbe za usiku, napanga kazi. Leo ziko tatu: bango la wanafunzi wanaoandaa wiki ya elimu ya anga, jalada la kijitabu cha ndege, na tangazo la kliniki ya meno. La meno naliweka mwisho, maana mwenye kliniki ameshanitumia jumbe za sauti, na ya kwanza ilianza na "dada, hii ni ya dakika tano tu."

Saa mbili na nusu. Bango la anga ni kazi tamu. NASA ni taasisi ya serikali kuu ya Marekani, na kazi za watumishi wa serikali hiyo hazina hakimiliki nchini humo, ndiyo maana picha zake nyingi za sayari na nyota ziko huru. Nimesema nyingi. Ukisoma maelezo unaweza kukuta jina la mshirika wa nje, na hapo sharti ni la yule mshirika. Nembo yao nayo ina masharti yake. Wanafunzi walitaka niibandike pembeni "ionekane rasmi", nikawaambia tutakuwa tunawadanganya watu kwamba shirika hilo linawaunga mkono. Wakaelewa mara moja. Shida ya wanafunzi ni moja tu, kubadilisha tarehe ya shughuli bango likiwa tayari.

Saa nne. Ndege. Mwandishi wa kijitabu anataka mchoro wa zamani, wa kalamu na rangi za maji. Kwa hili makumbusho ni hazina. Metropolitan Museum of Art ya New York ilifungua picha zaidi ya 375,000 mwezi Februari 2017, chini ya CC0, yaani wamejivua haki zote na unaruhusiwa hata kufanya biashara. Smithsonian, kundi la makumbusho ya Marekani, wakafuata Februari 2020 na picha milioni 2.8, za bapa na za 3D. Lakini si kila kitu kwenye tovuti zao kiko huru, kwa hiyo naangalia alama iliyo chini ya picha yenyewe, siridhiki na sifa za ukurasa wa mbele.

Nimempata korongo mzuri wa karne ya 19. Mchoraji alishafariki zamani, hata kwa nchi zinazolinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha aliyeitengeneza. Faili ni kubwa vya kutosha pia: ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, na huyu anazo na zaidi. Kwingine nimemkuta korongo huyuhuyu, mtu kamwongezea rangi upya na amependeza kuliko yule wa makumbusho. Hakuna leseni popote. Rangi zile ni kazi ya mtu aliye hai, nikamwacha. Kutokuandika leseni si ruhusa. Kwa Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na marekebisho yake yaliyofuata, kazi inalindwa bila kusajiliwa na bila kuwekewa alama yoyote.

Fonti ya jalada, yaani umbo la herufi, nimechukua yenye Open Font License: inatumika kwenye biashara na unaruhusiwa kuigawa, ila huuzi fonti peke yake. Ile aliyoipendekeza mwandishi imeandikwa "kwa matumizi binafsi", ndani ya faili la maandishi ambalo hakuna anayelifungua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na leseni nyingi ziko mvunguni kweli, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Saa sita mchana. Nafungua picha ya kliniki.

Ni mwanamke anacheka, meno meupe, jua limempiga ubavuni. Picha nzuri sana, siwezi kukataa. Katikati yake zimepita alama za maji, maandishi hafifu ya tovuti inayouza picha, kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Ujumbe unasema: "Dada, toa hayo maandishi, weka jina la kliniki."

Naandika kwa adabu: kaka, hayo maandishi ni ya mwenye mali, yapo kuonyesha kwamba picha haijalipiwa. Anajibu: "Nimeitoa Google." Namwambia Google haimiliki hiyo picha, imekuonyesha ilipo tu. "Mbona wengine wanaitumia?" Ananitumia kiungo cha tovuti ya mapambo ya simu, picha ileile haina alama, chini yake kitufe cha kupakua bure. Aliyeweka kitufe hakupiga ile picha, na bure yake haimlindi anayepakua.

Nikaitafuta kwa njia ya kinyume, yaani unapandisha picha, mtambo unakuonyesha ilikotokea. Natumia TinEye, ambayo imekuwepo tangu 2008, kwa sababu inaweza kupanga matokeo kuanzia yalipoonekana kwanza. Kurasa za urembo, za maombi, za mikopo, mama wa watu anacheka kila mahali. Mwisho nikafika kwenye tovuti inayoiuza, jina la mpiga picha liko pale.

Kumbe wakati natafuta, kaka ameendelea kupata mawazo. Tugeuze picha, kushoto iwe kulia. Tubadilishe asilimia thelathini, kwa sababu alisikia ukibadilisha asilimia thelathini inakuwa yako. Hii ya asilimia thelathini naisikia kila mara na sijui ilizaliwa wapi, maana hakuna kipimo kama hicho. Ukianza na kazi ya mtu bila ruhusa, mabadiliko yako hayakupi umiliki wake. Halafu: tuandike chini "picha kwa hisani ya mwenyewe." Hiyo ni kuchukua baiskeli ya jirani ukaandika jina lake kwenye kengele. Kumtaja mtu ni sharti la leseni fulani, kama CC BY, ila huwezi kujipa leseni kwa kumtaja.

Akanyamaza, kisha akaniandikia maneno yaliyonifurahisha: "Sawa dada, nitainunua."

Nikarudi kwenye ukurasa wa mauzo nikiwa nimechangamka, nikasoma mpaka chini. Matumizi ya habari tu. Maana yake mwanamke yule hakusaini kibali cha sura yake kutumika kwenye matangazo. Picha inaweza kuuzwa kwa gazeti linaloandika habari, lakini haifai kwa kliniki inayotafuta wateja, hata ulipe vipi. Mpiga picha ana haki ya picha, anayepigwa ana haki ya uso wake, na ni ruhusa mbili tofauti. Sasa kamweleze hivyo mtu aliyekwisha toa pochi mfukoni.

Nilimweleza kwa maandishi. Hakuelewa. Nikampigia. Alikuwa na mgonjwa, akasema atapiga. Alipopiga, nilieleza tena kuanzia mwanzo, naye akasema: "Basi iambie akili mnemba itengeneze anayefanana naye." Kuilisha mashine uso wa mtu ili utoe nakala yake ni kurudi palepale kwa mlango wa nyuma. Tena Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilitoa mwongozo Machi 2023 kwamba kitu kilichotengenezwa na mashine bila ubunifu wa binadamu hakisajiliwi hakimiliki, kwa hiyo hata mshindani wako akikichukua ni vigumu kumzuia. Na hapa nilishindwa kujizuia: kaka, utatangaza kazi yako ya meno kwa meno ambayo hayajawahi kuwa kinywani mwa mtu?

Akacheka. Meno yake mwenyewe ni mazuri, nadhani.

Hapo saa sikuziangalia tena. Mchana ulikuwa umepita, macho yananiwasha. Nikamshauri wapige picha yao, kuna mtu yeyote pale anayecheka vizuri? Yupo dada wa mapokezi. Nikaandika kibali kifupi: nani anapigwa, picha itatumika wapi, kwa muda gani. Dada huyo akauliza swali ambalo bosi wake hakulifikiria: "Na nikiacha kazi hapa?" Tukaongeza mstari kwamba akiondoka, tangazo jipya halitatumia sura yake. Akasaini. Namheshimu sana dada yule na sijawahi kumwona.

Picha ikaja ikiwa imebanwa na simu, imekuwa na vumbi la pikseli. Niliomba itumwe kama faili. Ikaja ileile. Nikaomba tena, nikamwelekeza kitufe kwa kitufe. Ikaja nzuri, ila nyuma ya dada kuna mchoro wa ukutani wenye saini ya msanii. Nikaufuta, nikaweka rangi tupu. Sikuwa na nguvu ya kuanza kumtafuta msanii jioni ile.

Usiku. Kabla ya kufunga najaza jedwali langu, kazi ambayo hakuna mteja anayeilipia: jina la faili, aliyeitengeneza, kiungo, leseni, tarehe niliyopakua, na picha ya skrini ya masharti. Tarehe ni muhimu kwa sababu tovuti hubadilisha masharti. Unsplash, tovuti ya picha za bure, walitumia CC0 hadi Juni 2017, kisha wakaandika leseni yao. Pixabay, tovuti nyingine ya aina hiyo, wakafanya hivyo Januari 2019. Mtu akiniuliza miaka mitano ijayo nilipata wapi wingu lililo nyuma ya bango, namfungulia mstari wake.

Nikiwa nazima taa simu ikalia. Kliniki. "Dada, tangazo zuri sana. Nitumie na faili lenyewe la kazi, na hizo fonti, kuna kijana wangu atakuwa anabadilisha namba za simu."

Fonti ya kichwa cha tangazo hilo nimeilipia mimi, leseni ni ya mtumiaji mmoja. Nimemtumia PDF yenye herufi zilizogeuzwa kuwa maumbo, fonti yenyewe haimo, na kiungo cha pale kijana wake anapoweza kuinunua. Ameanza kurekodi ujumbe wa sauti.