Luku iliishia katikati

Juzi usiku Mama alinipigia saa nne kasoro, saa ambayo ukiona namba ya Tanga moyo unashtuka kabla mkono haujafika kwenye simu. Salamu zikapita haraka haraka.

"Hii simu yangu inaomba kitu," akasema. "Kila nikiamka inaniandikia inataka kujisasisha. Naiambia 'Baadaye' tangu Ramadhani, haikomi."

"Ni kawaida hiyo Mama, nikija nitakubonyezea."

Akanyamaza kidogo. "Njoo, lakini usiiguse mpaka niwepo."

Nina mke, nina watoto wawili, ndevu zimeanza kuingia mvi upande mmoja. Usiiguse mpaka niwepo. Maana yake yale ya 2013 bado yapo.

Mwaka huo Mama alikuwa na Samsung Galaxy Y. Waliowahi kuishika wanaijua: kioo cha inchi tatu, prosesa ya megahezi 832, Android 2.3 ile ya Gingerbread, na nafasi ya ndani ya megabaiti 180. Leo picha za mwanangu akiruka kamba peke yake zingeijaza. Mama alikuwa anauza kanga na vitenge kwa mkopo pale Makorora, na mzigo mpya ukiingia Kariakoo picha zilikuja kwa WhatsApp. Nafasi ikiisha WhatsApp inagoma, na Mama anachelewa kuchagua, anaachiwa rangi zilizokataliwa na wenzake. Huku memori kadi ya GB 4 imo humo humo ndani, karibu tupu. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Ni kama mtu analala chini wakati kitanda kipo, kimefungiwa chumba cha pili.

Nilikuwa likizo ya chuo, nina miaka ishirini, na funguo za hicho chumba cha pili nilizijua. Kukifungua tulikuita kuruti. Ndani ya Android kuna Linux, na kwenye Linux "root" ni jina la yule mtumiaji asiyezuiwa na mlango wowote. Simu ikitoka dukani, wewe uliyeinunua huwi yeye. Programu ilizokuja nazo zimekaa kwenye sehemu ya mfumo, unaziona lakini huzifuti. Ukijipa cheo hicho unazifuta, na zile unazozitaka unazihamishia kwenye sehemu ya pili ya memori kadi kwa programu ya Link2SD, huku mfumo wenyewe ukiamini bado ziko ndani.

Jumapili baada ya adhuhuri Mama alijinyoosha. Nikachukua simu.

Galaxy Y haikuwa na ubishi. Unaweka faili la zip kwenye kadi, unazima, unashika sauti ya juu, kitufe cha nyumbani na cha kuwashia kwa pamoja, inatokea menyu ya maandishi matupu, unachagua. Dakika tatu. Ikiwaka unakuta programu mpya ya kugawa ruhusa: yeyote anayetaka kuingia jikoni anapiga hodi kwanza, na wewe unaamua, Ruhusu au Kataa. Nililipenda lile dirisha kuliko kazi yenyewe. Nilikuwa nafungua programu makusudi ili tu zije kuniomba.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini nafasi ilipoanza kurudi nikapata uchu. Nikafuta moja, nikafuta mbili, nikafika kwenye yale majina marefu yasiyoeleweka, nikajiambia jina nisilolijua Mama atalitumia wapi? Nikazima, nikawasha. Nembo ikaja, ikapotea. Ikaja, ikapotea. Nikaisubiri mpaka adhana ya alasiri.

"Simu yangu iko wapi?" Mama akauliza akitoka kuoga.

"Inachaji."

Nikachukua baiskeli hadi Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, kwa mjomba. Mtoto wake, ambaye nyumba nzima inamwita Binamu kama vile ndilo jina lake, alikuwa na simu kama hiyo hiyo na alikwisha kuiua na kuifufua mara mbili. Alikuwa na mafaili yote ya mfumo, aliyashusha kwa bando la usiku. Na alikuwa na laptopu. Betri ya laptopu ilikufa zamani, ilikuwa inaishi kwa waya tu, ukiuchomoa inazima kama taa. Tulilijua hilo. Tuliliona ni kasoro ndogo tu.

Magharibi ikatukuta tumeinama juu ya meza ya chakula. Odin, ile programu ya kupigia flashi Samsung, yaani kuiandikia mfumo upya kutoka kwenye kompyuta, imefunguka, na vijisanduku vyake vya kuwekea mafaili: PIT, PDA, PHONE, CSC. Binamu alivijaza kimoja kimoja kwa heshima, kama mtu anayepanga sahani za wageni. Faili la PIT lilianza na neno "totoro", jina la siri la hiyo Galaxy Y, na sisi tulijiona wakubwa kwa kulijua tu. Simu tukaiingiza kwenye hali ya kupokea: sauti ya chini, nyumbani, kuwasha. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba inapakua, isizimwe. Kijisanduku kwenye Odin kikapata rangi. Binamu akanitazama, nikamwambia piga bismillahi. Akapiga, akabonyeza.

Nyuma yetu mke wa mjomba alikuwa akipiga pasi sare za shule, za watoto watatu. Harufu ya shati jeupe likiguswa na pasi ya moto, na yale maji anayonyunyiza kwa vidole, mpaka leo nikiisikia hotelini natafuta waya wa kushika. Ukutani nyuma ya mlango ilikuwepo mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla, na taa yake nyekundu ilikuwa inapepesa mbio mbio. Niliiona. Nilitazama moja kwa moja, nikaona inapendeza.

Mstari wa kijani ulikuwa umefika nusu, labda ukizidi kidogo.

Kwanza feni. Mlio wake ukashuka, ukashuka, kama mtu anayekata tamaa katikati ya sentensi. Laptopu haikushuka, ilikatika tu. Chumba chote kikawa cheusi. Watoto wakapiga kelele kwa pamoja, "Aaaa!", kisha kikaja kimya, na kwenye kimya hicho tukasikia pasi ikitoa vile vidoko vya chuma kinachopoa. Nikatazama dirishani. Kwa jirani taa zinawaka, na televisheni inaongea. Si mgao. Ni sisi peke yetu.

"Nani alisema Luku itafika Jumatatu?" sauti ya mke wa mjomba ikatoka gizani. Hakuna aliyejibu. Mjomba alikuwa sebuleni, nilimsikia akikohoa.

Na simu ilikuwa inawaka. Hilo ndilo nisilolisahau. Ilikuwa na betri yake, kwa hiyo haikuwa na habari ya Luku. Katika nyumba nzima mwanga uliobaki ni wa kile kioo cha inchi tatu, umeangazia mkono wa Binamu na ukingo wa sahani, na maandishi yake ni yale yale, inapakua, usizime. Inangoja nusu iliyobaki ije kupitia waya ambao upande wa pili hakuna mtu. Binamu akaninong'oneza, sijui kwa nini kwa kunong'ona, "Usiiguse." Nikasema siigusi. "Hata waya." Hata waya. Tukakaa hivyo, vidole viwili vyake vimeshikilia kichwa cha waya kisilegee, vyangu viwili vimeshikilia simu isisogee, kama watu waliobeba mgonjwa na gari halijaja.

Mtoto akatumwa dukani kununua umeme. Akarudi, duka limefungwa. Akatumwa la pili. Akarudi na karatasi, namba ishirini, mjomba anazibonyeza kwa mwanga wa tochi na mkewe anamsomea, wanakosea, wanaanza upya. Kwenye jaribio la tatu kile kioo kikaandika kitu kuhusu betri, kikazima. Taa za nyumba ziliwaka baada ya hapo, dakika mbili, si zaidi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kungoja kule kulikuwa bure. Odin haiendelezi ilipoishia, ikikatika unaanza mwanzo. Tungeweza kuchomoa waya tukaenda kula. Lakini kwa karibu saa nzima tuliishika ile simu kwa mapenzi ambayo sidhani niliwahi kuionyesha wakati ni nzima.

Iliyobaki ni fupi. Simu iliwashwa ikaonyesha mchoro wa simu na kompyuta, katikati alama ya mshangao. Betri tukaichaji nje, kwenye chaja ya kobe. Mjomba akatoa hukumu kwamba laptopu ndiyo iliyomaliza umeme (pasi haikutajwa), kwa hiyo nichangie. Asubuhi nikamwomba Mama elfu mbili ya vocha, nikampelekea mjomba. Mama alinipa pesa bila kuuliza, akauliza tu simu, nikasema Binamu anaiwekea kaswida. Saa tano Odin ikaandika PASS kwa kijani, tukapigana mikono.

Simu ikawaka safi, kama ya dukani. Nilikuwa tayari barabarani, nakanyaga baiskeli huku napiga mluzi, nilipokumbuka "safi" maana yake nini.

Majina ya wateja yalikuwa kwenye simu, si kwenye laini. Akaunti ya Google nilimfungulia mimi, na kule kusawazisha nilikuzima mimi, ili bando lisiishe. Ila majina yangepatikana kwa kuuliza. Kubwa lilikuwa lile daftari dogo la ndani ya simu, Memo, ambako Mama alikuwa akiandika madeni. Aliziita karatasi zake. Kila mteja na karatasi yake.

Akaipokea, akasifu kwamba imekuwa nyepesi. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akanirudishia simu mkononi, akasema kwa upole kabisa, "Hebu tazama vizuri, labda umezihamishia sehemu."

Nikatazama. Nilijua hazipo na nikatazama, nikafungua hiki na kile, nikikunja uso kama daktari.

Kukemewa sikukemewa. Siku tatu mfululizo baada ya isha alinikalisha na daftari la kurasa 96, akafumba macho, akawa anasema na mimi naandika. Nilidhani atakumbuka watu. Alikumbuka nguo. "Ile ya 'Japo sipati tamaa sikati', ya rangi ya samli, kachukua mke wa mwalimu, kalipa elfu tano, imebaki tatu. 'Wema hauozi', doti mbili, yule muuguzi wa Chumbageni, hajalipa kitu." Kanga moja ikimleta mwenye nayo, mwenye nayo akiileta siku, siku ikileta pesa. Tulifika mistari arobaini na moja. Sijawahi kuona kichwa kikifanya kazi namna ile, nami niko kozi ya kompyuta.

Mmoja uligoma. "'Usisafirie nyota ya mwenzio,'" akasema, "nyekundu, doti moja. Hiyo nimeitoa. Nimemtolea nani?" Akakaa nayo muda mrefu. Nikaandika jina la kanga, nikaandika doti 1, kwenye nafasi ya mtu nikaweka alama ya kuuliza. Kwa miaka kama miwili hivi kila harusi tuliyokwenda nilimwona akisoma viuno vya watu. Na zile kanga zinachapwa kwa maelfu, nyekundu zilikuwa nyingi.

Sijui nilikosa wapi hasa. Nafasi ilipatikana, hilo niliwahi kumwambia kwa kujitetea, na kweli picha zilipita mpaka simu ilipostaafu. Siku hizi hata siruti tena. Programu za benki zikigundua simu imerutiwa nyingi zinakataa kufunguka, na mimi mshahara wangu uko humo.

Jumamosi nikashuka Tanga. Mama alikuwa ameiweka simu kwenye meza, kioo juu, kama ushahidi. Daftari lilikuwa pembeni yake, si lile, la nne au la tano sasa, lenye jalada la plastiki. Akaketi mbele yangu.

"Haya. Ikishabadilika itanisaidia nini?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba kuna matundu ya usalama yanazibwa, kwamba tangu Android 7 ya mwaka 2016 upo utaratibu wa vyumba viwili, toleo jipya linawekwa chumba cha pili huku unaendelea kutumia cha kwanza, na likishindwa kuwaka simu inarudi lilipo la zamani, hakuna kinachopotea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyowasikiliza wauza dawa za miti shamba stendi.

"Kwa hiyo nibonyeze, Mama?"

Akageuka akaitazama mita iliyo juu ya mlango. Akasimama, akaisogelea, akasoma namba kwa sauti, nukta na yote.

"Zimebaki nane," akasema. "Na leo nina pasi."

Nikabonyeza "Baadaye".