Genesis of the Daleks: inanguruma watu wakikaa na kuzungumza, inapwaya wakianza kukimbia

Kwa wapenzi wa tamthilia wa Mbeya na Iringa waliozoea zile za Kituruki zisizoisha, hii ni fupi mno: sehemu sita, kila moja kama dakika 25. Ni kisa kimoja cha Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya kisayansi ya Uingereza, kilichorushwa na BBC kuanzia Machi 8 hadi Aprili 12, 1975. Mwandishi ni Terry Nation, mwongozaji David Maloney, na Daktari, mhusika mkuu anayesafiri katika wakati, ni Tom Baker katika msimu wake wa kwanza.

Daktari anatumwa sayari ya Skaro, ambako mataifa mawili, Wakaled na Wathal, wamepigana miaka elfu. Amepewa njia tatu: azuie Madalek, viumbe katili wanaoishi ndani ya mashine, wasiundwe kabisa, awafanye wasiwe wakatili kiasi kile, au agundue udhaifu wao. Vita vyenyewe vinaelezwa kwa vitu, si kwa hotuba. Maiti ya askari ina kinyago cha kuzuia gesi cha kizamani, kifaa cha kisasa cha kupimia mionzi, na koti lenye ngozi za wanyama. Ukiona hivyo unajua viwanda vimekwisha na watu wanavaa kilichobaki.

Lakini mhimili ni Davros, mwanasayansi anayewaunda Madalek. Michael Wisher amefunikwa uso mzima kwa kinyago cha John Friedlander, macho yake hayaonekani, na anaweza kutumia mkono mmoja tu. Kilichobaki ni sauti, na hapo ndipo anapowashinda wote. Huanza chini, kwa utulivu wa msomi, kisha hupanda hadi kelele ya Dalek mwenyewe. Pembeni yake yupo Nyder wa Peter Miles, mtu baridi asiyehitaji kupaza sauti.

Sehemu ya tano Daktari anamuuliza Davros: ungeunda kirusi cha kuangamiza uhai wote, ungekiachia? Davros anafikiri kwanza. Kisha anainua vidole kana kwamba ameshika kichupa kidogo, akiona kwamba kukibana kidogo tu kunatosha, na jibu linamtoka kwa furaha. Hakuna mlipuko wala mbio, ni watu wawili tu. Sijaona adui wa runinga aliyefafanuliwa vizuri zaidi kwa dakika chache hivyo.

Sehemu ya sita swali linamgeukia Daktari. Ameshika nyaya mbili. Akizigusanisha, chumba cha vijusi vya Madalek kinalipuka. Anajiuliza kama ana haki ya kuua kizazi kizima. Swali zito, ila mwandishi analikimbia: mtu anaingia na habari kwamba Davros amekubali masharti ya wanaompinga, na Daktari anaziacha nyaya kwa afueni. Baadaye anarudi kuzimalizia, lakini Dalek mmoja anapita juu ya nyaya na kuunganisha umeme bila kukusudia. Mlipuko unatokea bila Daktari kubeba uamuzi wake. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa la kazi nzima.

Makosa mengine ni ya urefu. Kisa hiki kingetosha sehemu nne, ndiyo maana watu wanakamatwa, wanatoroka, wanakamatwa tena. Mwisho wa sehemu ya pili Sarah, mwenzake Daktari safarini, anaanguka kutoka kwenye jukwaa la roketi na picha inaganda. Sehemu ya tatu inapoanza, kumbe ameangukia ubao hatua chache chini. Huko ni kumlaghai mtazamaji. Kome wakubwa wa pangoni, waliomnasa mguu Harry, mwenzao wa tatu, ni mpira mtupu. Na ukimtoa Sarah, mwanamke mwenye la kusema ni Bettan wa Wathal peke yake.

Mkiitazama kwa pamoja, nyumbani au kibanda umiza, acheni umbo la picha lilivyo, 4:3, na mistari myeusi pembeni. Ukiivuta ijaze kioo, uso wa Davros unatanuka na kinyago kinajulikana. Sehemu ya kwanza ina ukungu na giza, hivyo subirini usiku au zibeni madirisha. Mvua ya Mbeya ikipiga bati, minong'ono ya Davros haisikiki: wekeni maandishi ya chini na mpunguze besi. Mwenye kutafsiri anyamaze kwenye swali la kirusi, aeleze likiisha. Tazameni sehemu mbili kwa jioni, maana zote sita mfululizo zinachosha kwa zile kamatakamata. Na ya tano na ya sita zisitenganishwe.