Kitako cheusi cha nyanya: nilivyoachana na maganda ya mayai

Kila aliyeziona nyanya zangu zikioza kitako alikuwa na dawa ileile: maganda ya mayai. Basi nikayaanika, nikayatwanga kwenye kinu, nikayachekecha, na jikoni kukabaki harufu ambayo watu wa nyumbani hawajanisamehe mpaka leo. Jirani akasema bila kuloweka kwenye siki ni kazi bure. Nikaloweka. Yakatoa mapovu, nikajiona mkemia mkubwa. Nyanya zikaendelea kuoza! Kwa juu zinavutia, ukizigeuza unakutana na doa jeusi lililobonyea, gumu kama ngozi ya kiatu.

Kinachoniudhi ni kwamba ushauri ule una nusu ya ukweli. Tunda kweli limekosa kalsiamu, madini yaliyojaa kwenye maganda hayo. Lakini mara nyingi kalsiamu imo udongoni, tatizo ni kwamba haifiki. Husafiri ndani ya maji yanayopanda kutoka mizizini, na majani ndiyo yanayovuta maji mengi zaidi. Maji yakiwa leo tele, kesho hamna, linaloumia ni tunda changa. Ndiyo maana balaa lilianza mvua zilipokatika na jua likawaka, hasa kwa sisi tunaopanda kwenye ndoo; udongo kidogo hauna akiba. Na maganda yenyewe huchukua muda mrefu mno kuoza, msimu unakwisha yangali vipande.

Dawa yangu ikawa chupa ya plastiki. Kata kitako, toboa kifuniko, ifukie kichwa chini karibu na shina, jaza maji. Sasa hapo kwenye kutoboa ndipo penye ufundi. Nilianza na msumari, maji yakaisha kabla sijaweka kopo chini. Nikahamia sindano iliyopashwa moto, tundu likazibwa na udongo siku hiyohiyo. Kilichofaulu ni tundu la msumari na kipande cha kitambaa cha pamba kilichosokotwa ndani yake: maji yanapenya polepole, udongo hauingii. Hilo sikufundishwa na mtu, na nalisema kwa kifua mbele. Juu nikatandaza majani makavu, unene wa vidole vinne hivi, ila yasiguse shina.

Zilizokwisha kuota doa haziponi. Zichume, kata sehemu nyeusi, na kama nyama iliyobaki ni nzima, ingiza sufuriani. Zilizofuata zilitoka safi, na utamu wake ni mwingine kabisa. Nyanya ya wakati wa mvua huwa na maji mengi, mchuzi unachelewa kuwa mzito. Hizi za jua zinaiva haraka na rojo linashika.

Mvua zikikaribia kurudi, usingoje ziive zote mtini, maana maji ya ghafla huzipasua. Chuma zilizoanza kubadilika rangi, uziache mezani. Friji hapana, baridi inaua ladha.